Mama Brenda, Toka Kwenye Picha

Jumapili, 8 Desemba

Brenda ameniachia daftari hili niandike saa za dawa za mama yake. Amepiga mistari kwa rula: asubuhi, mchana, jioni. Yeye ni muuguzi kwenye zahanati huko upande wa Ivuna, na muuguzi akiondoka nyumbani huacha amri. Kabla hajapanda gari aliniambia niandike kweli, nisibuni. Nikamjibu kwamba mimi ni mpiga picha, kazi yangu ni kweli. Mama yake akacheka, maana anajua ni nyuso ngapi nimezing'arisha katika mji huu wa Tunduma.

Asubuhi amemeza. Mchana amemeza. Jioni kichefuchefu, amemeza nusu.

Nafasi iliyobaki chini ya mistari ni kubwa, na mimi sipendi karatasi ikae bure.

Jumatano, 11 Desemba

Dawa zote. Mvua tangu saa nane, umeme hakuna.

Ijumaa, 13 Desemba

Leo nimekata picha. Wapo watu mjini hapa ambao hawajawahi kupigwa picha peke yao maisha yao yote. Wakifa, ndugu huja studio na picha ya kundi, ya harusi au ya kwaya, wakanionesha kwa kidole: huyu hapa, wa tatu. Kazi yangu ni kumtoa huyo wa tatu, kuufuta mkono wa jirani begani kwake, kumtilia kola mahali palipokuwa na kichwa cha mtoto wa watu, kisha kumkuza hadi atoshe kwenye fremu itakayotangulia jeneza. Wa leo alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha Mpemba. Bega lake la kushoto ni la wifi yake, lakini nani ataliangalia bega.

Mke wangu Gwantwa alikuwa kwenye benchi la wateja anachambua maharage. Tangu augue anapenda kushinda pale studio, anasema nyumbani kimya kinamchosha. Wale ndugu walipoondoka, akasema bila kuinua macho kwenye ungo:

"Baba Brenda, mimi usije ukanikata kwenye kundi. Unipige yangu, peke yangu, ningali na mashavu."

Nikamuuliza kama maharage yale ni ya leo au ya kesho.

Najua anachoomba. Mwezi uliopita daktari wa Mbeya alituketisha akatuambia saratani ya kizazi imeshatembea, akatamka neno "miezi" bila kuweka namba mbele yake. Nikimkalisha mke wangu kwenye kigoda na kumpiga picha hiyo, nitakuwa nimekubaliana na daktari. Sijakubali.

Jumatatu, 16 Desemba

Msimu wa harusi umeanza na mimi nimebanwa na nafasi ya kuhifadhia picha. Enzi za filamu sikuijua shida hii. Negativu nilizipanga kwenye makopo ya biskuti, na mtu akifiwa, hata miaka saba baadaye, nilifungua kopo nikampata marehemu wake. Siku hizi nina kadi mbili za kuaminika na diski moja iliyojaa harusi za watu hadi kooni. Mteja akichukua picha zake, nafuta kadi naanza upya. Asiyekuja kuchukua ananikalia kwenye kadi kama mgeni asiyeaga.

Nilikwenda kwa Idrisa, kijana wa Kigoma mwenye duka la vifaa vya simu na kamera karibu na stendi. Kwa umri ni mwanangu, kwa mambo haya ni mwalimu wangu. Aliniwekea mezani kadi moja halisi na diski mpya, akanishauri nichukue vyote viwili, na kila kazi ikae sehemu mbili kabla sijafuta kokote.

"Mzee wangu, memori siyo chumvi ya Ivuna, useme kila kiroba ni sawa," alisema. "Na kitu kikikaa mahali pamoja tu, hesabu hakijakaa."

Nikamwambia nitafikiria. Bei yake ilinifanya nifikirie nikiwa nimeshafika mlangoni.

Jumamosi, 21 Desemba

Sisi wa Tunduma tuna ugonjwa wetu. Mtu akikuona umenunua kitu upande huu, na kitu hicho hicho kipo upande wa pili wa mpaka, anakuhurumia kama umeibiwa. Basi leo nimevuka Nakonde, nikapenya kati ya malori, nikasalimiana na mama mmoja wa kibandani kwa Kibemba changu cha sokoni, nikarudi na kadi iliyoandikwa jibii 128 kwa rangi ya dhahabu. Bei haikufika hata nusu ya ile ya Idrisa. Kadi zangu zote mbili ukizijumlisha hazifikii hiyo moja. Nimenunua na kitenge cha kijani cha Gwantwa.

Idrisa sikumwambia. Aliyejua bei mbili hana haja ya kumtangazia mwenye bei kubwa.

Dawa zote. Kitenge amekipenda.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Brenda amepata siku mbili. Kanisani Gwantwa aliimba akiwa amekaa. Mchana alivaa kitenge kipya akaniangalia, nami nikasema mwanga ni mbaya, kuna mawingu. Kesho.

Alhamisi, 26 Desemba

Mvua. Kesho.

Jumanne, 31 Desemba

Mvua. Harusi mbili wiki hii. Jioni hakumeza, ametapika.

Jumamosi, 4 Januari

Ameacha kuniangalia anapovaa kile kitenge. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nimeanza kuumwa.

Jumamosi, 11 Januari

Nimempiga.

Asubuhi jua lilitoka, la kwanza baada ya siku tisa. Nilimkuta amekwisha kuoga, amevaa kitenge, amekaa kwenye kigoda cha wateja mbele ya pazia la bluu. Kwa miaka ishirini na miwili ameketisha wengine pale: amewapaka poda, amewafunga vifungo, amewabana shela kwa pini anazoshika kwa midomo. Yeye mwenyewe sijawahi kumwona amekaa pale, na niliona aibu kubwa nilipotambua hivyo.

Niliweka ile kadi ya Nakonde. Zile mbili nzuri zilikuwa na kazi za watu. Naandika hivi kwa sababu Brenda alitaka kweli: ya mteja niliiweka penye uhakika, ya nyumbani nikaiweka palipobaki, na wala sikusita.

Picha thelathini na moja. Katika nyingi anaangalia mikono yake, hajui aiweke wapi, mikono ile haijazoea kukaa bila kazi. Ya kumi na mbili aliinua uso akaniangalia moja kwa moja, kama anavyoniangalia ninaposema uongo mdogo kwa mteja. Mashavu yapo. Nilimpelekea kamera akaitazama muda mrefu.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo itanitangulia. Usije ukaniongezea kola."

Nikamwambia sitaongeza kitu. Halafu nikaenda nyuma ya pazia nikajifanya natafuta waya.

Diski imejaa, na kompyuta haina chaji maana umeme umekatika tena. Nimeziacha humo humo kwenye kadi. Nafasi ni tele.

Jumapili, 19 Januari

Dawa zote. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika magotini. Gwantwa amepalilia mistari miwili, nimemkataza, amepalilia wa tatu.

Ijumaa, 24 Januari

Idrisa aliiona ile kadi mkononi mwangu. Aliigeuza, akayakwaruza maandishi kwa ukucha, akaniuliza kama nimeijaza yote na kufungua picha moja moja kabla ya kuipa kazi. Anasema kadi ngeni inajaribiwa hivyo, huwezi kuiamini kwa maandishi ya mgongoni. Nikamwambia mimi nilianza kupiga picha kabla yeye hajaota meno. Akacheka kwa adabu, akanirudishia.

Jumatano, 5 Februari

Mchana hakumeza. Mvua ya mawe, bati la studio limetoboka juu ya benchi. Nimehamisha benchi.

Jumamosi, 15 Februari

Harusi ya Nesta, Nanyala. Mkataba wa tangu Oktoba. Nilitaka Gwantwa abaki kitandani. Alinijibu kwamba bibi harusi wa watu hawezi kuachiwa mwanamume mwenye vidole kama vyangu, akaingia kwenye gari na kopo lake la pini.

Kadi zangu nzuri zilikuwa zimejaa, moja kipaimara, nyingine kumbukumbu ya ndoa ya mzee mmoja wa Vwawa ambaye hajaja kuchukua picha zake. Nikaweka ya Nakonde. Picha thelathini na moja za Gwantwa zingekaa kimya mwanzoni, na harusi nzima ingepanga foleni nyuma yake. Niliona nimefanya hesabu nzuri.

Kutwa nimepiga picha zaidi ya mia tisa na video fupi. Nesta ni msichana wa kicheko, kila fremu ina meno. Gwantwa alikuwa hatulii. Kila shela ikilegea anaingia. Nilimwambia kama ninavyomwambia siku zote: "Mama Brenda, toka kwenye picha." Akatoka. Akaingia tena. Za namna hiyo huwa nazifuta papo hapo, ili zisile nafasi.

Baada ya keki mvua ilikuja na upepo, turubai likajaa maji likapasuka upande wa wapishi. Tukakimbilia gari na vifaa kifuani. Gwantwa alikuwa analowa na anacheka, sikumbuki lini alicheka vile. Njiani alilala begani kwangu. Ana uzito kidogo sana.

Jumanne, 18 Februari

Sijui niandike vipi.

Umeme ulirudi saa nne asubuhi, nikachomeka kadi kwenye kompyuta. Majina ya picha yote yalikuwepo, yamejipanga kwa namba, hakuna hata moja lililopungua. Nikafungua ya kwanza. Kijivu. Ya pili kijivu. Nikasema ni kompyuta, nikaizima nikaiwasha. Kijivu. Nikashuka haraka haraka: asubuhi kwa bibi harusi, kijivu, mlango wa kanisa, kijivu, pete, kijivu. Katikati ya ukumbini picha zikaanza kufunguka, nzima, safi, mpaka ile mvua.

Nilirudi juu, nikahesabu kwa kidole kwenye kioo mpaka ya kumi na mbili. Nilibonyeza mara nyingi mno. Kijivu.

Nilifunga studio nikaenda kwa Idrisa kwa miguu, mvua ikininyeshea. Hakuniuliza mengi. Alichomeka kadi kwenye mashine yake, akaendesha programu za kufufua picha, akaniwekea kiti. Nilikaa pale hadi adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi, akaendelea. Mwisho akazungusha kiti chake tukatazamana.

Kadi ile ni ya jibii nne. Wameivisha nguo ya mia na ishirini na nane. Kamera ikiuliza ina nafasi, inajibu ninayo. Ikijaa haisemi, inarudi mwanzo, inaandika mapya juu ya ya zamani, na majina inayaacha yalivyokuwa ili usishtuke. Kwa hiyo harusi ya Nesta ilianza kwa kumlalia Gwantwa, halafu harusi ikajilalia yenyewe.

"Zile za mwanzo hazirudi, mzee wangu," alisema. "Zingekuwa zimefutwa tu, ningezirudisha. Hizi zimeandikwa juu."

Hakunikumbusha kwamba aliniambia. Afadhali angenikumbusha.

Nilipofika nyumbani Gwantwa aliniuliza kama harusi imetoka vizuri. Nikasema imetoka vizuri.

Alhamisi, 20 Februari

Dawa zote. Ameuliza lini namtilia picha yake kwenye fremu. Nimesema fremu nimeagiza Mbeya.

Jumatano, 26 Februari

Nesta amepiga simu. Nimemwambia umeme.

Jumatatu, 3 Machi

Fremu bado haijafika, nimesema, barabara ina matope. Barabara ya Mbeya ni ya lami, na yeye anajua.

Jumapili, 9 Machi

Hakwenda kanisani. Mashavu yameingia ndani. Yalikwenda ndani ya wiki mbili, mbele ya macho yangu, na kamera ipo mezani na mimi siigusi.

Jumapili, 16 Machi

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu imeishia leo kitandani kwa mke wangu.

Alikuwa amekaa ameegemea mito, namlisha uji kwa kijiko. Akauliza tena fremu. Nikafungua mdomo niseme Mbeya, nikaufumba. Nikaweka kijiko chini nikamwambia yote: kadi ya Nakonde, bei, onyo la Idrisa, harusi, kijivu. Nilimwambia na lile la kwamba kadi nzuri nilizitunzia wateja. Nililia, naandika hivyo maana nililia.

Alifumba macho, nikadhani amelala. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea: kama Nesta nimemwambia. Nikasema bado. Akasema kesho niende, nisipige simu, niende kwa miguu yangu, maana yule mtoto anaishi akidhani harusi yake ipo.

Nikamwomba nimpige nyingine, leo hii, dirishani kuna mwanga mzuri. Akakataa kwa kichwa.

"Mashavu yamekwenda, Baba Brenda. Huyu aliyebaki simjui, sitaki anitangulie." Akanishika mkono. Nikaona anataka kutabasamu. "Mimi umenifuta mara ngapi? Miaka ishirini na miwili unaniambia nitoke kwenye picha. Hii moja tu ndiyo imekuuma?"

Alisema kwa utani. Alikuwa ananitania kweli, namjua. Nilichukua bakuli nikaenda kulisafisha nje kwenye mvua, nikalisafisha muda mrefu kuliko linavyohitaji.

Nimejaribu kuhesabu. Kila harusi, kila kipaimara, mkono wake kwenye kona, kisogo chake, upande wa uso. Mara tatu nne kwa kazi moja, kazi mbili kwa wiki. Zote nilizifuta kwa kidole gumba, nikijisifu kwamba natunza nafasi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda Nanyala. Nesta alinikaribisha kwa chai, mumewe hakuwepo, yuko Saza kwenye machimbo. Niliposema, aliweka kikombe chini taratibu. Hakupaza sauti. Aliuliza pete? Nikasema hapana. Aliuliza mama yake alipombariki mlangoni? Hapana.

"Basi kanisani sikwenda," alisema.

Nilimpa bahasha ya zilizobaki, nimezichapa zote, kubwa, na nikamwambia sitachukua senti. Hakuifungua. Alinisindikiza hadi barabarani kwa sababu amelelewa vizuri, lakini hakuniaga. Ana haki.

Gwantwa aliniuliza amesemaje. Nikamwambia kweli. Akasema, "Umefanya vyema."

Jumatatu, 24 Machi

Brenda amekuja kwa likizo ya kumwuguza mama yake. Njia ya Ivuna imekatika, alivuka mto kwa trekta. Amepitia daftari, amesoma na yasiyo ya dawa. Alinipikia ugali na maharage mabichi, akakaa nami hadi nikamaliza.

Jumapili, 30 Machi

Sindano ya maumivu, mara mbili. Brenda anaandika mwenyewe kwenye karatasi yake.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua inapungua. Amelala kutwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Saa kumi na moja alfajiri. Brenda alimfumba macho.

Mistari ya dawa leo nimeiacha wazi.

Jumanne, 8 Aprili

Turubai limefungwa uani. Wanawake wameleta kuni na unga. Kaka yake mkubwa, shemeji Nikodemo, amefika kutoka Ileje, ameshika mambo yote mkononi, namshukuru. Saa tatu alinijia na swali nililojua litakuja: picha ya kutangulia iko wapi?

Brenda alikuwa ameshapekua simu yake. Mama yake alikuwa mtu wa kukimbia simu, kila akielekezewa aligeuka kuchungulia sufuria. Kitambulisho chake ni cha uso wa mtu aliyekasirishwa na foleni. Nyumba ya mpiga picha, na picha hakuna. Kinyozi hajinyoi, watu husema wakicheka. Mimi leo sikucheka.

Nilikwenda studio peke yangu. Nilifungua ile harusi ya Nesta, vile vipande vya mwisho, sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndiyo siku ya mwisho aliyocheka. Baada ya keki, kabla ya turubai kupasuka, nikaikuta; niliichapa na zile za bahasha ya Nesta bila kuitazama. Nesta amekaa, na Gwantwa ameingia kati kumfunga shela iliyopeperushwa na upepo. Amesimama nyuma yake, ameinama kidogo, mikono yote miwili imezama kwenye nywele za yule binti, pini mbili midomoni, na macho yanacheka maana mimi nilikuwa namfokea. Ni ile ile niliyomwambia toka. Ningeifuta palepale. Mvua ndiyo haikunipa nafasi.

Mashavu yapo.

Nilianza kuikata. Ni kazi niliyoifanya mara mia mbili, mikono inajua. Nikapita na mstari kwenye bega, nikashuka kwenye mkono, nikafika kwenye nywele za Nesta nikasimama. Nikimtoa Nesta, mikono ya Gwantwa inakwenda naye. Ningeweza kumtilia mingine ya mtu mwingine. Nimewatilia wengi. Nilikaa pale nikatazama vile vidole, nikaondoa mstari wote.

Nilichapa picha nzima nikaipeleka nyumbani. Shemeji Nikodemo aliitazama akaniuliza bibi harusi anafanya nini hapo. Nikamweleza. Akasema kwao jeneza halitanguliwi na uso wa mtu aliye hai, ni kumwitia kifo, na wazee hawatakubali. Nirudi nikaikate kama nilivyokata za wengine. Hakusema kwa ubaya. Nikamwambia nitamwuliza mwenye uso.

Nilipiga simu Nanyala nikiwa na hakika atakata. Sikuwa na haki ya kumwomba Nesta hata maji. Nikamwambia mke wangu amefariki, nikamwambia kuhusu picha, nikamwambia neno la wazee lote bila kupunguza. Akasema anakuja.

Alhamisi, 10 Aprili

Tulizika jana shambani kwetu Mpemba, katikati ya mahindi.

Nesta alifika asubuhi na basi la kwanza, kanga mbili, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Alikuwa na ile bahasha yangu, imefunguliwa. Aliwapigia magoti wazee, akamsalimia shemeji Nikodemo shikamoo, kisha akaomba aione picha iliyochapwa. Akaishika.

"Mimi ninayo kwenye bahasha hii hii. Nimeitazama wiki tatu," alisema. "Ndiyo pekee ambayo mtu ananihudumia. Usimkate mikono, baba."

Shemeji Nikodemo akamweleza taratibu, kama mzazi, kwamba uso wake utakuwa mbele ya jeneza. Nesta akajibu kwamba kama ni kutangulia, atatangulia akitembea kwa miguu yake, picha ataibeba mwenyewe, na wote watamwona kwamba aliye kwenye fremu na aliyeshika fremu ni mmoja na ni mzima. Mzee mmoja aliwatazama wenzake. Mmoja akakohoa. Mwingine akasema mtoto huyu amelelewa. Yakaisha hapo.

Akatangulia. Njia ilikuwa ya tope na mahindi yamefika juu ya vichwa vyetu, nami nikifuata jeneza niliona tu ile fremu ikipanda na kushuka mbele: mke wangu na pini zake midomoni, anafanya kazi. Watu waliokuwa hawamjui waliuliza ni yupi marehemu. Waliomjua hawakuuliza.

Kamera nilimwachia Idrisa. Alikuja na kadi yake mwenyewe, mpya, akaninong'oneza kwamba ameijaza usiku kucha na kuifungua yote. Baada ya mashada akatupanga kaburini, mimi na Brenda mbele, fremu katikati. Mimi sijui kukaa mbele ya kamera. Sikujua mikono niiweke wapi.

Idrisa alikuwa ameshainua kamera, Nesta akaona kola yangu imekunjika ndani ya koti. Akaingia moja kwa moja, akasimama mbele yangu na kanga yake yenye tope, akaanza kuinyoosha kwa vidole, taratibu, upande mmoja kisha upande wa pili. Alikuwa amemziba Brenda, ameziba na fremu nusu.

Nilisubiri mtu amwambie atoke. Hakuna aliyemwambia. Idrisa akapiga.